Konsoli ya zamani haiwaki: anza ukutani, ingia ndani polepole

Sega, Nintendo au PlayStation ya kale ikikataa kuwaka, fuata njia ya umeme kuanzia soketi ya ukutani hadi kwenye bodi, na usiruke kituo. Pale umeme unapoingia na usitoke upande wa pili, hapo ndipo penye ugonjwa. Mashine nyingi zinazotupwa hapa Nairobi kwa madai kwamba "bodi imeungua" zina kasoro ndogo tu: fyuzi, adapta isiyo yake, mguu wa soketi uliopasuka lehemu. Chipu kubwa za mashine hizi hazitengenezwi tena, kwa hiyo inauma sana kuona moja ikiishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu ya kifaa ambacho Luthuli Avenue kinauzwa kwenye kikopo kando ya kaunta.

Vifaa vya kazi si vingi. Multimeta, hata ile ya bei rahisi. Bisibisi ya nyota. Pasi ya kulehemu na waya wa lehemu wa 60/40 wenye unene wa 0.8 mm. Spiriti ya isopropili ya 99%, si ile ya dawa ya kuulia vijidudu yenye maji mengi. Na balbu moja ya gari ya 12V 10W, ambayo utaipata Kirinyaga Road kwa wauza spea. Kazi yake itaonekana hapa chini. Konsoli za Super Nintendo na Nintendo 64 zina skrubu za kichwa maalumu cha 4.5 mm. Usiziharibu kwa koleo. Bisibisi yake ikikosekana, pasha moto ncha ya ganda gumu la biro, lisukume juu ya skrubu, lishikilie mpaka lipoe, kisha zungusha polepole.

Kituo cha kwanza: plagi na soketi

Chomeka taa ya mezani au chaja ya simu kwenye soketi ileile, ekstensheni ileile. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani: nyekundu ni ya 3A, kahawia ni ya 13A. Itoe, ipime kwa multimeta kwenye alama ya mlio. Isipolia, imekatika. Kwa konsoli yoyote ya zamani, ya 3A inatosha na kubaki. Ya 13A itaacha waya mwembamba uungue kabla haijakatika yenyewe. Kama kuna kiungo cha kugeuza plagi ya pini mbili kuwa tatu, kitikise. Vile vya bei ya chini hulegea ndani, hutoa cheche, na mashine huzimika kila mtu akipita karibu na meza.

Ila ukiona pini mbili bapa, simama hapo. Mashine hiyo huenda imetoka Marekani au Japani, na swali limebadilika.

Je, imeshawahi kuchomekwa 240V?

Geuza adapta, au geuza konsoli kama waya wa umeme unaingia moja kwa moja ndani, usome lebo. "INPUT 100–240V" haina shida na stima yetu. "120V 60Hz" ni ya Marekani, "100V" ni ya Japani, na zote mbili zitakufa kwenye soketi ya Nairobi isipokuwa zipitie stepdauni, yaani kifaa cha kushusha volti. Chaja za simu zimetuzoeza kuamini kwamba chochote kinaweza kuchomekwa popote. Mashine za miaka ya 1980 na 1990 hazikuumbwa hivyo.

Jinsi zinavyokufa inategemea aina ya adapta, na uzito wake ndio utakaokuambia. Adapta nzito kama jiwe ina transifoma ya chuma. Ikipewa volti mara mbili, inatoa mara mbili: ya 9V inatema 18V na zaidi. Koili ya kwanza inapata moto, na ndani ya utepe wa njano uliozungushiwa koili hiyo mara nyingi kuna fyuzi ndogo ya joto ambayo hukatika na kuiua adapta papo hapo. Chomoa adapta, pima ukinzani kati ya pini mbili za plagi. Transifoma nzima husoma makumi au mamia ya omu. Multimeta ikionyesha njia imekatika, adapta imekwisha, na hiyo ni habari njema: imekufa yenyewe badala ya mashine. Usihangaike kuifungua. Nunua ya 240V yenye volti na mwelekeo sahihi (chanya au hasi katikati ya plagi).

Konsoli zenye paipu la umeme ndani, yaani sehemu inayogeuza stima ya ukutani kuwa volti ndogo za mashine (power supply), kama PlayStation ya kwanza, Dreamcast na PlayStation 2 nene, huumia kwa namna nyingine. Stima yetu ya 240V ikigeuzwa kuwa DC (mkondo wa upande mmoja) hufika kilele cha karibu 340V. Kapasita kubwa (kopo linalohifadhi umeme) ya paipu la Kimarekani kwa kawaida imeandikwa 200V. Inavimba au inapasuka, varista (kinga ya volti iliyopita kiasi) inaungua, fyuzi ya kioo inakuwa nyeusi ndani. Usibadilishe fyuzi hiyo na kuchomeka tena kwa matumaini, na usiizungushie uzi wa waya. Fyuzi nyeusi maana yake kuna kitu nyuma yake kilichoshikana, yaani kinachopitisha umeme kwa njia ya mkato.

Uamuzi wetu ni huu. Kama ni fyuzi na varista tu vilivyoungua, na kapasita kubwa haijavimba, vibadilishe na utumie stepdauni siku zote. Kama transista kubwa yenye sahani ya chuma imeshikana miguu, acha ukarabati. Tafuta paipu la 220–240V kutoka kwenye mashine ya Ulaya ya kundi lilelile la modeli. Linganisha plagi za nyaya kabla ya kulipa, kwa sababu mapaipu ya PlayStation 2 nene hayaingiliani kutoka kundi moja hadi jingine.

Kuhusu stepdauni, chagua yenye transifoma ya chuma ya 100W au zaidi. Hiyo inabeba konsoli yoyote ya zama hizo. Kabla ya kuiamini, ichomeke peke yake, weka multimeta kwenye AC (mkondo wa kugeukageuka), upime tundu la kutolea. Uone kati ya 110V na 120V. Vile vigeuzi vidogo vya wasafiri, vyepesi kama kibiriti, ni vya pasi na vikausha nywele. Visikaribie konsoli.

Adapta sahihi, na janga la adapta ya rauta

Hiki ndicho chanzo kikubwa zaidi cha vifo vya konsoli ndogo katika nyumba za mjini. Adapta ya asili imepotea, kwenye droo kuna ya rauta ya intaneti, plagi ya duara inaingia kwenye Mega Drive ya kwanza ya Sega bila kulazimishwa. Lakini ya rauta kwa kawaida ni 12V na ina chanya katikati, ilhali Mega Drive ya kwanza inataka 9V na hasi katikati. Kuingia kwa plagi hakumaanishi kukubaliana.

Mahitaji ya zile zinazoonekana sana:

- Mega Drive ya kwanza (Marekani huitwa Genesis): 9V DC, 1.2A, hasi katikati.
- Mega Drive ya pili: 10V DC, 0.85A, chanya katikati, plagi ndogo zaidi.
- Famicom na Super Famicom (NES na Super Nintendo za Japani): 10V DC, 0.85A, hasi katikati.
- Nintendo NES: 9V AC, 1.3A. Ndani ina daraja la daiodi, kwa hiyo inavumilia pia DC ya upande wowote.
- Super Nintendo ya Ulaya: 9V AC. Ya Marekani: 10V DC, yenye plagi ya umbo lake peke yake.
- PSone ndogo: 7.5V DC, 2A.
- PlayStation 2 nyembamba za kwanza: 8.5V DC, 5.65A.
- GameCube: 12V DC, 3.25A.

Soma mstari wa NES mara mbili. Adapta yake inatoa AC, na ukiichomeka kwenye Famicom au Mega Drive inayosubiri DC, kapasita za mwanzo zitapigwa kinyumenyume mara 50 kwa sekunde. Zile nakala za Famicom zilizouzwa sana mitaani zinahitaji DC, mara nyingi 9V yenye hasi katikati, lakini watengenezaji walikuwa wengi. Fuata mchoro ulio karibu na tundu lake.

Kupima mwelekeo ni rahisi. Ncha nyekundu ya multimeta ndani ya tundu la plagi, nyeusi kwenye ganda la nje. Ikisoma 9 bila alama, chanya iko katikati. Ikisoma -9, katikati ni hasi. Adapta nzuri ya 9V yenye mwelekeo usiofaa unaweza kuigeuza: kata waya, vuka nyaya mbili, zilehemu, zifunike kila moja peke yake, kisha pima tena kabla ya kugusa mashine.

Sasa, mtego. Adapta nzito ya asili ya 9V ikipimwa bila mzigo inaweza kusoma 13V au zaidi. Hiyo ni kawaida yake. Kinyume chake, adapta ya bei rahisi inaweza kusoma 9V safi ikiwa peke yake na kuanguka hadi 5V mashine ikianza kuvuta. Ndiyo maana ya ile balbu ya gari. Iunganishe kwenye adapta; ya 10W itavuta kama 0.7A ikiwa kwenye 9V, karibu sawa na konsoli ya kaseti. Pima huku balbu inawaka. Ikibaki 8.5V au zaidi kwa dakika mbili, adapta ni nzima. Ikishuka chini ya 7.5V, umepata mhalifu, na hakuna haja ya kufungua mashine.

Adapta ni nzima, mashine iko kimya

Chomeka adapta, washa swichi, tikisa plagi taratibu kwenye tundu lake. Taa ikimeta, lehemu ya tundu imepasuka. Kwenye Mega Drive ni ugonjwa wa kila siku, kwa sababu tundu linabeba uzito wa waya kwa miguu mitatu tu. Fungua, angalia chini ya bodi kwa mwanga wa simu ulioinamishwa. Utaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, kama ufa wa sufuria ya udongo. Weka pasi ya kulehemu kwenye 350°C, ongeza lehemu mpya kidogo, subiri iyeyuke yote na kung'aa, ondoa. Sekunde tatu au nne kwa mguu. Ukikawia, kipande cha shaba kitabanduka kwenye bodi.

Inayofuata ni swichi. Grisi ya kiwandani hugeuka gundi ya kijani au kahawia baada ya miaka 30. Chomoa adapta, weka swichi upande wa kuwasha, pima ukinzani kupitia miguu yake: chini ya omu 1 ni sawa, omu 5 au namba inayocheza ni uchafu. Dondosha spiriti ndani, sukuma swichi mara 30 hivi, acha ikauke kwa nusu saa. Mafuta ya kulainisha bawaba za mlango usiyatumie humu. Yanaacha utando unaokusanya vumbi.

Super Nintendo ina fyuzi ya 1.5A iliyolehemewa kwenye bodi, karibu na tundu la umeme. Adapta isiyo yake ndiyo huikata mara nyingi. Ipime ikiwa mahali pake. Ukiibadilisha weka ya 1.5A, si zaidi.

7805, kifaa cha miguu mitatu

Takriban kila konsoli ya kaseti ya miaka hiyo ina regyuleta ya 7805 iliyofungwa kwa skrubu kwenye bati la kupoza. Inapokea 9V na kutoa 5V. Mega Drive ya kwanza inazo mbili, kila moja ikilisha sehemu yake, na hiyo ndiyo sababu taa nyekundu inaweza kuwaka huku mashine ikibaki mfu.

Iangalie ukiwa unasoma maandishi yake. Mguu wa kushoto ni wa kuingilia, wa kati ni hasi, wa kulia ni wa kutolea. Ncha nyeusi iweke kwenye bati la kupoza, nyekundu mguu wa kushoto, mashine ikiwa imewashwa. Hapa unataka angalau 7V. Chini ya hapo regyuleta haiwezi kushikilia 5V yake. Sifuri maana yake rudi nyuma: tundu, fyuzi au swichi. Kisha mguu wa kulia. Kati ya 4.8V na 5.2V, umeme ni mzima na ugonjwa uko mbele.

Kama kushoto kuna 9V na kulia hakuna kitu, usikimbilie kulaumu regyuleta. 7805 hujilinda ikiona njia ya mkato, ikashusha volti yenyewe. Toa kaseti, ujaribu tena. Bado? Zima, chomoa, pima ukinzani kati ya mguu wa kulia na wa kati. Omu moja au mbili ni dalili ya kitu kilichoshikana. Nyanyua mguu wa kulia peke yake kutoka kwenye bodi na upime pande zote mbili. Ukinzani huo mdogo ukibaki kwenye bodi, tafuta kapasita iliyoshikana. Ukihamia kwenye regyuleta, ndiyo yenyewe. Badilisha, paka krimu ya kupitisha joto (thermal paste) nyuma yake, kaza skrubu.

Anayetumia 12V badala ya 9V anaipika taratibu. Kwa mkondo wa 0.7A, ikiwa 9V inateketeza karibu 2.8W, kwenye 12V ni karibu 5W, na bati lake halikupimwa kwa kazi hiyo. Mashine itacheza robo saa, itazima, itapoa, itawaka tena. Ukiona mtindo huo, kwanza angalia volti za adapta.

PlayStation 2 nene: soma rangi ya taa

Swichi ya nyuma ikiwashwa, mbele panapaswa kuwa na taa nyekundu. Hakuna nyekundu? Shaka ni waya, swichi ya nyuma au paipu. Nyekundu ipo lakini kitufe hakifanyi kazi? Angalia utepe mwembamba unaotoka kwenye kitufe cha mbele hadi bodini. Huchanika mtu anapofungua mashine kwa pupa, na mara nyingi aliyechana hasemi. Kijani kinatokea kisha kinatoweka? Ulinzi umeona mkondo mkubwa. Chomoa kiendeshi cha diski na ujaribu bila hicho, ili ujue ni upande upi unaovuta.

Ndani ya paipu hatari ni ya kweli. Kapasita kubwa inaweza kushikilia mamia ya volti baada ya kuchomoa. Chukua risista ya 10kΩ 5W yenye nyaya zilizofunikwa, gusisha miguu ya kapasita kwa sekunde 10, halafu thibitisha kwa multimeta kwamba ziko chini ya 5V. Kutumia bisibisi kunapasua cheche na kuharibu kapasita yenyewe. Asiyewahi kugusa umeme wa ukutani ampelekee fundi kituo hiki.

Paipu lililotengenezwa lisirudi ukutani moja kwa moja. Lipitishe kwanza kwenye balbu ya kawaida ya 60W, ya uzi, iliyounganishwa mfululizo. Ya LED haifai. Balbu ikimulika mara moja na kufifia, kuna uzima. Ikikolea na kubaki hivyo, chomoa, bado kuna kitu kimeshikana.

Ukilifungua, tazama mende. Paipu la PlayStation 2 ni joto, ni giza, lina matundu, na kwenye vibanda vya gemu mashine hulala ikiwa imechomekwa. Mayai na kinyesi chao hushika unyevu na kula shaba kati ya miguu ya volti kubwa. Safisha kwa brashi na spiriti mpaka bodi iwe ya rangi yake, ukague kama njia za shaba bado ni nzima.

Inakataa asubuhi, inakubali mchana

Mashine inayogoma asubuhi za baridi za Julai, kisha ikawaka baada ya kujaribiwa mara kadhaa, ina kapasita zilizokauka; baridi huziongezea ukinzani wa ndani. Badilisha zile za njia ya umeme zote kwa pamoja. Mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, za kiwango cha 105°C, na mstari wa hasi ukielekea ulikokuwa. Piga picha kabla ya kung'oa.

Mashine iliyokufa wakati stima iliporudi baada ya kukatika, anzia kwenye fyuzi na varista ya paipu. Kinga yake ni kuchomoa stima inapopotea na kusubiri dakika chache baada ya kurudi, au kuweka kifaa cha kulinda televisheni kinachochelewesha umeme.

Taa ipo, picha hakuna

Hapa umeme ameshamaliza kazi yake. NES inayometa taa mara moja kwa sekunde inakataa kaseti: safisha meno ya kaseti kwa spiriti na pamba, kisha tundu la pini 72. Nintendo 64 yenye taa nyekundu na kioo cheusi, fungua kifuniko kidogo cha mbele. Kile kipande cha kumbukumbu kinachokaa humo lazima kiwepo na kikae sawa, hata kama ni kile kisichoongeza chochote, kwa sababu bila hicho mashine haitoi picha kabisa.